Shangazi wa Pesa: Kadi yangu ya ATM inakaa kwa mwenye duka

*Shangazi, jambo. Mimi ni mama wa watoto watano, mkimbizi kutoka Fizi, Kongo. Tunakaa makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, karibu na Kakuma, Kijiji cha 2. Mume wangu alipougua nilianza kukopa unga na mafuta kwenye duka moja. Mwenye duka akataka kadi yangu ya benki na namba ya siri, viwe rehani. Sasa pesa ya msaada ikiingia, yeye ndiye anayekwenda kuitoa. Anakata deni lake, halafu ananikopesha tena. Hesabu hanionyeshi. Nikimdai kadi, watoto watakula nini? Nami ninatamani siku moja nikope benki ninunue cherehani.*
*Mama wa watano*

Mama wa watano, pole sana. Nilifanya kazi kwenye kaunta ya benki Lodwar, na kina mama wa kambini waliniletea shida hii wakiisema kwa sauti ya chini, kana kwamba wao ndio wakosaji. Kukopa chakula cha watoto si kosa.

Tena hauko peke yako. Zamani familia za Kalobeyei zilikuwa zikipokea Bamba Chakula, pesa ya kwenye simu ambayo ilitumika kwa wafanyabiashara walioteuliwa tu. Mwaka 2019 WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ikaanza kuweka fedha taslimu kwenye akaunti za benki, ili mtu anunue anakotaka. Mpango ulikuwa mzuri, ila ulizikuta familia nyingi zikiwa zinadaiwa tayari. Duka ndilo linalowalisha watu msaada unapochelewa, basi kadi ikageuka rehani. Aliyeshikiwa kadi hawezi kwenda duka la pili hata kama unga huko ni nafuu. Mgao ulipokatwa mwaka 2025 mzigo ukazidi, na sidhani haki itatendeka hapa mpaka wanaotoa msaada waanze kulihesabu deni la dukani kama sehemu ya maisha ya mkimbizi.

Deni ni halali na utalilipa. Kadi na namba ya siri ni vyako, hakuna deni linalompa mtu mwingine haki ya kuvikalia. Ukienda benki na kitambulisho chako cha mkimbizi, unaweza kuifunga kadi ile, ukapewa nyingine na namba mpya, bila kumwomba mwenye duka ruhusa. Lakini usikimbilie huko. Ukiifunga leo bila maneno, kesho hutapata unga, na wewe mwenyewe umeshaliona hilo.

Anza na hesabu. Mwombe daftari mbele ya mtu mnayemheshimu wote wawili, mwenyekiti wa bloku au mzee wa kanisa. Muandike ulichochukua, bei yake na kilichokwisha kukatwa. Bei ya mkopo mara nyingi huwa juu kuliko ya taslimu, kwa hiyo uliza zote mbili. Tuseme limebaki deni la shilingi 12,000: mwambie utamlipa 1,500 kila mwezi, miezi minane, kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki kwenye simu zenu. Mwenye duka naye anadaiwa na anayemletea mali kwa jumla, na malipo yenye tarehe yatamsaidia. Akikubali, akurudishie kadi hapo hapo, nawe ubadilishe namba ya siri siku hiyo hiyo. Akikataa, ndipo uende benki, na uwaarifu watu wa Idara ya Huduma za Wakimbizi.

Kuhusu cherehani, benki hutazama pesa inavyoingia na kutoka kwenye akaunti yako. Sasa hivi inaona mtu anayezoa kila kitu siku ileile. Ukishika kadi, acha hata shilingi 200 zilale humo. Jiunge na kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, maana mkopo wa kwanza wa mafundi wengi hutoka kwa wenzao. Na angalia tarehe ya mwisho kwenye kitambulisho chako, uombe kipya mapema, kwa sababu kikiisha muda akaunti inaweza kufungiwa.

*Shangazi, mimi ni Mturkana wa Kakuma mjini, ninauza makaa. Tunataka kuanzisha chama na kina mama wa Burundi walio kambini. Mtu mmoja ametuambia mkimbizi hawezi kuwa kwenye akaunti ya kikundi. Ni kweli? Mmoja wao pia anatumia laini niliyomsajilia kwa jina langu.*

Dada yangu, si kweli. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara, peke yake au kwa kikundi. Kusanyeni watu wasiopungua kumi, muandike katiba, mkajisajili kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, kisha mwende benki na cheti. Watia saini wawe wa pande zote mbili. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Ila msiupigie hesabu Mfuko wa Hustler, ule wa mikopo ya serikali, kwa wote, maana unadai kitambulisho cha taifa, na wenzenu hawana.

Hiyo laini inanitia wasiwasi zaidi. Akichukua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, asilipe, deni ni lako. Na ukigombana naye, au wewe ukifariki, pesa yake imekwama kwenye jina lisilo lake. Kama ana kitambulisho cha mkimbizi, nendeni pamoja asajili laini yake, ahamishe salio, na ile ya zamani uifunge mbele yake. Fanyeni hivyo kabla chama hakijapokea mchango wa kwanza.