Uliza vipuri kwanza, rangi baadaye

Msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, kila nikikusoma unawalalamikia wanaotengeneza na kuuza treni ndogo za mfano. Kama hawakufai, mbona hata pesa zako wanazipata?" Wanazipata kwa sababu napenda treni, na nikipenda kitu siachi kukisema. Lakini swali lake limenichokoa, hasa sasa ambapo kichwa changu cha treni, cha dizeli, kilichokuwa kimelala kabatini, kimerudi relini. Ngoja niwasimulie.

Ni kichwa cha HO, yaani kila kipimo cha treni halisi kimegawanywa kwa 87. Kilikuja kikiwa kipya kabisa: taa zinabadilika kikigeuza mwelekeo, vishikio vya ngazi vimetengenezwa kwa waya mwembamba, na maandishi ya ubavuni yanasomeka ukitumia kioo cha kukuzia. Nilikitunza. Kikatembea vizuri, halafu kikaanza kuchechemea. Tak. Tak. Tak. Mdundo mmoja kila gurudumu likimaliza mzunguko.

Mdundo ukifuata mzunguko wa gurudumu, usikimbilie kulaumu mota. Nilikigeuza juu chini, nikafungua kifuniko cha bogi, yaani kile kiunzi cha chini kinachobeba magurudumu, nikatoa ekseli moja moja na kuzisogeza kwenye taa. Hapo nikaona. Gia ya plastiki huwa imeshindiliwa juu ya chuma cha ekseli, kwa hiyo plastiki inaishi imevutwa tangu siku ilipotoka kiwandani. Inavumilia, inavumilia, kisha inapasuka. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, umepita katikati ya meno mawili na kuyaachanisha kidogo tu. Lakini kidogo hicho kinatosha: meno yakifika pale hayashikani sawasawa na ya gia ya pili, na kichwa kizima kinaruka.

Nikamwandikia muuzaji, naye akanisukumia kwa mtengenezaji. Mtengenezaji akanijibu kwa adabu zote kwamba toleo lile limekwisha na vipuri vyake havipo, ila kuna toleo jipya linakuja, nikitaka niweke oda mapema. Someni tena hapo. Kimepasuka kipande cha plastiki cha milimita chache, nami nauziwa treni nzima! Mpaka leo nikiukumbuka ule ujumbe natingisha kichwa.

Sikuweka oda. Nilihesabu meno ya gia, nikapima kipenyo cha ekseli kwa kalipa, nikatafuta gia ya kampuni nyingine inayolingana. Nikayarudisha magurudumu, nikapima nafasi kati yake kwa kile kibati cha kupimia cha NMRA, chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, kwa sababu magurudumu yakikaribiana au yakiachana kupita kiasi, kichwa kitapita vizuri kwenye reli iliyonyooka na kuanguka pale njia zinapogawanyika. Wenzangu, kinatembea! Kinaanza polepole mno hadi unaweza kuhesabu mizunguko ya magurudumu. Nimejivuna, na nitajivuna tena kesho.

Basi ushauri wangu wa kwanza: kabla ya kununua, uliza vipuri. Wa pili ni huo huo, ila uulize kabla ya kulipia oda ya awali. Siku hizi modeli nyingi hutengenezwa kwa mkupuo mmoja. Kampuni inatangaza, maduka yanakusanya oda, kiwanda kinafyatua idadi iliyoagizwa na pengine nyongeza kidogo, kisha kinahamia kazi nyingine. Naelewa sababu: kalibu za chuma za kumiminia plastiki ni ghali, na mzigo uliolala ghalani ni hasara. Lakini siku wanapofyatua gia za vichwa, kuzidisha mfuko wa gia kungewagharimu nini? Tunachotaka si kikubwa.

Tunataka pia vitu vya kampuni mbalimbali vielewane. Hilo nalo si ndoto, limeshafanyika. Chama cha NMRA kilianzishwa mwaka 1935 hasa kwa sababu magurudumu ya huyu yalikuwa hayapiti kwenye reli za yule. Katika miaka ya 1990 chama hicho hicho kikapitisha viwango vya DCC, mfumo wa kuendesha treni ndogo kidijitali, ambapo amri husafiri ndani ya reli zile zile pamoja na umeme, na kila kichwa kina dikoda, kifaa kidogo ndani yake kinachopokea amri, yenye namba yake. Zamani uliongeza umeme relini na vichwa vyote vilivyo juu yake vikaondoka pamoja. Leo kimoja kinasimama na kingine kinakipita, na dikoda ya kampuni moja inatii kidhibiti cha kampuni nyingine. Watengenezaji walikubaliana na soko halikufa. Anayeniambia viwango vinaua ubunifu, namwonyesha hilo.

Halafu tunataka ukweli kwenye boksi. Kona za reli zilizozoeleka katika HO ya Marekani zina nusu kipenyo cha milimita 457, na vichwa virefu vya magurudumu mengi vinahitaji 559 au zaidi. Andikeni! Tena kwa herufi kubwa, si kwenye karatasi ya maelekezo ambayo mtu anaiona akishalipa.

Sasa niwageukie wenzangu, maana na sisi tuna letu. Tunasifia boksi likifunguliwa tu. Tunahesabu ribiti, zile pini ndogo zinazounga mabati, tunagombana kuhusu kivuli cha rangi ya kijani, halafu tunashangaa kampuni zikishindania ribiti na rangi. Mtu anayekusanya vya kuweka kabatini ana haki yake, simkatazi. Lakini wewe unayeendesha, toa maoni baada ya kukiendesha: kinaanzaje mwendo wa chini, kinapitaje kwenye makutano ya reli, kinafunguka kirahisi au vishikio vyote vinavunjika kabla hujafika kwenye bogi? Na ukiuliza kuhusu vipuri ukajibiwa kwa blabla, ondoka na pesa zako. Najua ni vigumu, kichwa chenyewe kinakutazama kwenye picha. Ondoka tu.

Ukimwandikia mtengenezaji, usilalamike kwa jumla. Taja namba ya bidhaa iliyo kwenye boksi, namba ya kipuri kutoka mchoro wa sehemu, idadi ya meno na kipenyo cha ekseli, na uambatanishe picha ya ufa. Kisha nawe mwulize kama gia hizo zitakuwemo kwenye mkupuo ujao.