Kabla hujaleta mgeni, muulize anayepika

Juzi dada mmoja kanitumia ujumbe mrefu. Mumewe kamleta nyumbani rafiki yake wa utotoni, wanaishi Mbagala, chumba na sebule, na huu ni mwezi wa tatu. Anauliza: "Dada, nikisema nimechoka nitaonekana nina roho mbaya?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, lakini kila nikianza namkumbuka baba yangu. Nivumilieni, nitafika.

Tumekulia Kigoma, Mwanga. Baba alikuwa mtu wa reli. Oktoba 1996, vita vilipowaka Zaire, Kongo ya leo, na mji wa Uvira ukatekwa, boti zikawa zinashusha watu Kibirizi usiku na mchana. Asubuhi moja Baba alikwenda huko kununua migebuka, samaki wetu wa ziwani, akarudi na mtu. Migebuka hakuna.

Mtu mwenyewe mrefu, kavaa abakosti, lile koti la enzi za Mobutu lisilotaka tai, kalifunga vifungo vyote. Begi hana. Kakumbatia cherehani ya mkono iliyoviringishwa kwenye blanketi. "Huyu ni mgeni wetu," Baba akasema, na maelezo yakaishia hapo. Jioni mjumbe wa nyumba kumi alipokuja kuuliza, Baba akajibu bila kupepesa macho kwamba ni shemeji yake. Kigoma jibu hilo halimshangazi mtu. Familia nyingi za Ujiji asili yao ni Manyema, ng'ambo ya ziwa.

Tulimwita Papa. Kila siku aliipiga pasi ya mkaa abakosti yake hiyo moja, hata siku asiyotoka. Mama akiingia sebuleni, anasimama. Sisi watoto tulikuwa hatujawahi kuona mwanaume mzima akimsimamia mama yetu, tukawa tunaingia na kutoka kwa makusudi kuona kama na sisi atatusimamia. Hakusimama.

Najua mtaniandikia ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Papa hakungoja kupewa. Siku ya pili tu alikuwa barazani anashona suruali za majirani zilizochanika. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mgeni akiwa mchapakazi basi mambo yameisha.

Maana hesabu ilikuwa hivi. Chumba chetu watoto kilikuwa chake, sisi mkekani sebuleni. Maji ya moto ya kuoga, kabla hakujapambazuka, Mama. Sombe, yaani kisamvu, lenye mawese ya kutosha, kwa sababu Baba alitaka mgeni ale kama kwao, Mama. Na mawese hayo ndiyo aliyokuwa akiuza sokoni Mwanga. Alikuwa anapika mtaji wake. Usiku mmoja nilimwona anagawa mgebuka mmoja kwa watu wote, yeye akabaki na kichwa. Baba, huku anatafuna, anatuambia chakula cha watatu hutosha wanne. Watatu gani? Tulikuwa sita.

Mpaka leo nikienda Kigoma wazee wananishika mkono: baba yako alikuwa mkarimu. Kweli alikuwa, na najivunia. Wangapi walifunga milango mwaka ule? Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia mama yako alikuwa mkarimu. Inaniuma, sifichi.

Aliyeligundua jambo hilo alikuwa Papa mwenyewe. Alianza kuchota maji na ndoo yake, mtaa ukamcheka, akaendelea. Kila Jumamosi akawa anamuuliza Mama, "Mama, wiki hii tunakula nini?" na kumwekea mezani hela ya kushona, mbele ya Baba. Baba alinuna kidogo. Kisha Papa akamshonea Mama gauni la kitenge lililomkaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kumwona nayo. Masika yalipokwisha akaondoka na lori kwenda kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Ruhusa ya kuondoka aliiomba kwa Mama.

Sasa mdogo wangu, na ninyi mnaojenga, mnaotafuta maisha na mnaotaka jina la nyumba isiyofungwa mlango: ulizaneni. Kabla hujamwambia mtu karibu, muulize anayepika, anayefua mashuka, anayehama chumba. Hata watoto waulize, si lazima ufuate wanachosema. Mwanaume anayeleta mgeni bila kuuliza anatoa sadaka kwa mfuko wa mwenzake, kisha anapokea shukrani peke yake barazani. Ulizaneni, nasema tena, kwa sababu najua hamtaulizana.

Roho mbaya huna. Leo jioni, kabla mumeo hajawasha televisheni, muulize mambo mawili: rafiki yake anaondoka lini, na unga wa wiki hii ananunua nani. Rafiki mwenyewe usimnunie, huenda hata hajui kwamba hukuulizwa. Ukipata majibu niandikie, hasa hilo la unga.