Mteja asiondoke kabla ripoti haijakubaliwa

Ninyi mnaoanza kazi ya makaratasi kwenye yadi za magari huku Marekani mtaambiwa kwamba habari ya magari ya umeme imeisha. Kweli, sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ilifuta nafuu ya kodi kwa magari yaliyonunuliwa baada ya Septemba 30 mwaka huo. Lakini mafaili hayajaisha. Aliyesaini mkataba na kutoa kianzio kufikia tarehe hiyo bado ana haki yake, hata kama gari alikuja kulichukua baadaye, na haki hiyo imeshikwa na karatasi iliyotoka mezani kwetu.

Tangu Januari 2024, muuzaji alitakiwa kutuma ripoti ya mauzo ya gari la umeme kwa IRS, mamlaka ya kodi, kupitia tovuti yake, ndani ya siku 3 tangu mteja akabidhiwe gari. Siku hizo ni za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Ukikabidhi Ijumaa jioni, Jumatatu ndiyo mwisho wako. Na kutuma si kumaliza. Ripoti inaweza kukataliwa taarifa zisipolingana na kumbukumbu za IRS. Ikikubaliwa ndipo mteja anapewa nakala yake, nayo ndani ya siku 3.

Machi 2025 alikuja mama mmoja ofisini, mtoto mgongoni. Gari alilinunua Novemba, na anayemjazia kodi alimwambia gari hilo halionekani popote. Nikafungua faili. Ripoti ilikuwa imekataliwa, kwa sababu kwenye namba ya chasisi mtu aliandika 8 badala ya B. Alituma, akafunga kompyuta, akaenda zake nyumbani. Miezi minne hakuna aliyerudi kuangalia jibu, na hapo ni nafuu ya dola 7,500 ya mtu aliyeihesabia. Ilituchukua wiki kadhaa za kupiga simu na kusahihisha. Iliniuma, kwa sababu alituamini.

Tangu siku hiyo namba ya chasisi siinakili kutoka kwenye karatasi ya mauzo. Natoka na mteja hadi kwenye gari, tunaisoma pamoja kwenye kioo cha mbele upande wa dereva, herufi moja moja, zote 17. Kumbuka haina I, O wala Q; ukiona kitu kama O, hiyo ni sifuri. Dakika mbili tu.

Jina nalo lina kazi yake, hasa kwa ndugu zetu. Mtu anaitwa kwa jina la baba kwenye leseni, kadi ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii, ina jina la babu, na kazini wanamwita jina la tatu. Andika lililo kwenye Social Security. Mwambie, "Shemeji, naomba niione kadi yenyewe," usiandike kwa kusikia.

Kipato cha mteja msikipime ninyi. Kwa gari jipya ukomo wa kipato wa kupata nafuu ulikuwa dola 150,000 kwa wengi wasio na ndoa na 300,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Mteja ndiye anayethibitisha mwenyewe, na aliyekatiwa bei papo hapo kwa nafuu hiyo kisha akaonekana kuzidi ukomo, anairudisha kwa IRS, si kwa yadi. Mwelezeni hivyo kabla hajasaini, kwa lugha anayoielewa. Nimewaona watu wanatikisa kichwa kukubali Kiingereza ambacho hawakukisikia vizuri.

Halafu kuna ripoti ambayo haikufutwa na sheria yoyote: Fomu 8300. Mteja akilipa taslimu zaidi ya dola 10,000, kwa mkupuo au kwa mafungu ya gari hilohilo, mna siku 15 za kuripoti kwa IRS, awe amenunua la umeme au la petroli. Jamii zetu hununua sana kwa fedha za mchango, kwa hiyo mtaijaza mara nyingi. Mtu akiuliza kama agawanye fedha zisifike kiwango hicho, mkatalie palepale, maana kugawanya kwa nia ya kukwepa fomu ni kosa la jinai, lake na lako uliyemsaidia. Fomu yenyewe si mashtaka. Mteja mpeni taarifa yake ya maandishi kufikia Januari 31 ya mwaka unaofuata, na nakala yenu ikae miaka 5, kwenye kabati linalofungwa.