Barua kwa mwanangu: pantri nenda wiki hii hii

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma, kwamba kazini wamekukata masaa, kodi ya apatimenti nayo imepanda, na sasa unaniuliza kama ni sawa wewe mwenye kazi kwenda pantri kuchukua chakula cha msaada cha bure hapo Columbus, Ohio, au hicho ni cha wenye hali mbaya zaidi yako. Ni sawa kabisa. Wengi utakaowakuta kwenye foleni wametoka shifti au wanaenda shifti, kazi wanayo ila mshahara wote unaishia kwenye kodi na gari. Na hilo la watoto wanakula wewe unashindia chai limeniuma sana mwanangu, sitaki kulisikia tena.

Anza na pantri kabla ya SNAP, ule msaada wa serikali wa hela ya chakula, maana pantri unarudi na chakula siku hiyo hiyo, wakati SNAP wana hadi siku 30 za kukujibu (kama hela imekuishia karibu yote kuna njia ya haraka ya siku 7, waulize). Piga simu namba 211, ni bure, watakwambia pantri za karibu na wewe, au ingia tovuti ya FreshTrak ya Mid-Ohio Food Collective. Hao ndio benki ya chakula yenyewe, wana ghala kubwa, halafu wanazigawia pantri za makanisani na kwenye senta za mitaa. Angalia saa vizuri kwa sababu pantri nyingine zinafungua siku moja tu kwa wiki. Beba kitambulisho na bili yenye anwani yako, utaulizwa mko wangapi nyumbani na kipato chenu, mara nyingi unajaza tu unasaini.

Pantri nyingi unapewa kitoroli unachagua mwenyewe kama dukani. Chukua maharage makavu, yale ya pinto yanaiva kama ya kwetu tu, chukua mchele, viazi, siagi ya karanga, na ukikuta kale beba mafungu mawili, hiyo ni sukuma wiki yetu, kata nyembamba kaanga na kitunguu. Unga wa mahindi wa njano unatoa ugali mzuri tu. Maharage ya kopo yasuuze kwanza, chumvi inakuwa nyingi. Nguruwe sema huli, wala usione haya, watakubadilishia wakiwa na kitu kingine. Na kopo lililopita tarehe ya "best by" usilitupe kama halijavimba wala kubonyea vibaya, ile tarehe ni ya ubora, haimaanishi limeharibika.

Yule mdogo bado hajafika miaka 5 kwa hiyo WIC, ule mpango wa serikali wa chakula cha wajawazito na watoto wadogo, inamhusu, utapata maziwa, mayai, matunda, na hawaulizi mambo ya uhamiaji. SNAP ikipita na huyu mkubwa anaingia chakula cha bure shuleni moja kwa moja. Ila kadi ya EBT, ile wanayokuwekea hela ya SNAP, hainunui sabuni wala pampasi wala chakula cha moto, hivyo hela utakayookoa kwenye chakula iweke huko.

Fomu ya SNAP usiijaze peke yako ukiwa umechoka. Jumapili niko ofu, nipigie video ukiwa na bili ya umeme, mkataba wa nyumba na karatasi za mshahara mezani, tuijaze wote. Ila pantri usinisubiri.

Mama yako