Niliposhindwa hata kufungua faili la tasnifu yangu

Wiki iliyopita nimetetea tasnifu yangu na nimefaulu, kwa masahihisho madogo. Mama alipopata habari alipiga vigelegele kwenye simu mpaka majirani zake Muheza wakatoka nje kuuliza kuna nini. Siku mbili baadaye nikapata ujumbe wa kijana mmoja aliye mwaka wa pili wa uzamivu: "Shikamoo dada. Data ninazo, muda ninao, lakini kila nikikaa mezani nashindwa kuanza. Nadhani mimi ni mvivu tu." Nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu maombi ya ufadhili. Hayo yatasubiri.

Wengi mnajua nilichosomea huku Uingereza: jinsi ubongo unavyoamua kama jambo fulani linastahili kutolewa jasho. Nimefanya kazi na watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo chembe hizo hutumia kupashana habari, hufa kidogo kidogo. Mgonjwa anakaa mbele ya kompyuta ameshika kifaa cha kubana kwa kiganja. Kwanza anabana kwa nguvu zake zote, tunaandika kiwango chake. Kisha kwenye skrini unatokea mti wenye matufaha. Idadi ya matufaha ndiyo malipo, na alama kwenye shina ndiyo nguvu atakayotakiwa kutoa, ikihesabiwa kwa asilimia ya nguvu zake mwenyewe. Anakubali au anakataa. Kipimo hiki si changu. Kilitoka kwa Masud Husain na wenzake kule Oxford, na mwaka 2015 walionyesha kwamba wagonjwa hawa wakiwa wamemeza dawa ya kuongeza dopamini huwa tayari kutoa nguvu zaidi kuliko siku wasipoimeza.

Mzee mmoja, seremala mstaafu, alikuja asubuhi kabla ya dozi yake. Alikataa mti baada ya mti, hata ile ya nguvu kidogo. Vidole vilikuwa vimekizunguka kile kifaa bila kukibana. Nilimuuliza kama mkono unauma. Akasema mkono hauna shida. "Mke wangu akiniletea keki naila kwa raha zote. Lakini kuinuka niifuate jikoni, siku nzima inapita." Niliyaandika maneno yale pembeni ya karatasi.

Miezi michache baadaye likaja jopo la kunipandisha ngazi, yaani la kuamua kama ninafaa kuendelea na uzamivu. Sikupita. Niliambiwa niandike upya ndani ya miezi mitatu, na mmoja wao, huku akifunga daftari lake, akasema labda kazi ya aina hii haikufai. Imepita miaka mitatu na bado naisikia sauti yake. Ilikuwa Januari, jua linazama saa kumi jioni. Kwa wiki tano sikulifungua faili lile. Niliweza kupika wali wa nazi, na wali ulikuwa mtamu. Niliweza kucheka na dada yangu kwenye simu saa nzima. Ila nikiikaribia kompyuta, mwili unakuwa mzito kama gunia la chumvi lililonyeshewa. Nikajiita mvivu. Nyumbani tumelelewa tukiambiwa mvivu ni mtu asiyetaka, na mimi nilitaka kwa moyo wangu wote.

Ndipo nikamkumbuka yule seremala na keki yake.

Hapa niwaombe kitu: mkiona video zinazosema dopamini ni homoni ya raha, zipiteni. Kent Berridge wa Michigan alichunguza panya waliopoteza karibu dopamini yao yote. Walidondoshewa sukari mdomoni, wakailamba kwa utamu uleule, lakini hawakuwa wakikifuata chakula wenyewe. John Salamone wa Connecticut aliwawekea panya njia mbili: upande mmoja chakula kingi nyuma ya ukuta wa sentimita 44, upande wa pili chakula kidogo kisicho na kizuizi. Panya wazima waliupanda ukuta. Waliopunguziwa dopamini wakageukia kile kidogo cha bure. Lakini ule upande rahisi ulipoachwa mtupu, hata wao waliupanda ukuta. Nguvu za miguu walikuwa nazo siku zote. Kilichobadilika ni hesabu ya kama ukuta unastahili.

Sisemi dopamini yangu ilipungua, hakuna aliyenipima. Nasema nilianza kujitazama kama ninavyowatazama wagonjwa wangu, bila matusi. Kila asubuhi nilikuwa na njia mbili, faili upande mmoja, simu na sufuria upande wa pili, na ukuta wa faili nilikuwa nimeupandisha mwenyewe: "leo namaliza sura ya pili". Kwa hiyo nilimwachia simu mwenzangu wa chumba, nikashuka chini kabisa ya maktaba ambako mtandao haushiki, na kazi ya siku ikawa kuandika maelezo ya mchoro mmoja. Siku ya kwanza niliandika mistari minne. Siku ya pili minne tena. Miezi iliyobaki sina haja ya kuwasimulia. Jopo la pili lilinipitisha, na yule bwana wa daftari hakuuliza swali hata moja.

Mdogo wangu, ushauri wangu ni huo tu, nitaurudia kwa namna nyingine: shusha ukuta wa kuanzia. Kisha uondoe upande ule rahisi, kwa sababu ukiwepo utauchagua, kama nilivyouchagua mimi. Ukishamaliza mistari yako minne simama, kale, hata kama unajisikia kuendelea. Watafiti wa Paris waliripoti mwaka 2022 kwamba baada ya saa nyingi za kazi ngumu ya akili, glutamati, kemikali nyingine ya ubongo, hujikusanya sehemu ya mbele ya ubongo na watu huanza kuchagua kile kilicho rahisi na cha karibu. Tunaojisifu kukesha tunajidanganya. Na acheni kumwita mtu mvivu, ninyi wazazi, ninyi wasimamizi, na wewe unayejiita hivyo usiku ukiwa peke yako. Neno lile halijawahi kumwandikia mtu ukurasa.

Lakini ukiona hata chakula hakina ladha, hata sauti ya umpendaye haikugusi, na wiki zinapita hivyo, hapo nenda kwa daktari. Mimi wali wangu ulikuwa bado mtamu. Wewe hukuniambia wako ukoje, na ndilo swali nililokutumia jana usiku. Nijibu hilo kwanza. Tasnifu tutaizungumza Jumamosi.