Shule Yetu Iko Kwenye Orodha ya Kufungwa: Maswali na Majibu

Barua nyingi zilizonifikia zinazungumzia jambo moja: bodi ya elimu inapendekeza kufunga baadhi ya shule za umma na kuchora upya mipaka inayoamua mtoto gani asome wapi. Msimamo wangu nautaja mapema. Kufunga shule kunaweza kuwa na sababu ya haki, ila mpango wowote wa kufunga upimwe kwa hali ya shule itakayowapokea watoto. Huko ndiko watakakoishi na matokeo yake.

Wanasema shule yetu ina nafasi tupu nyingi. Hesabu hiyo wanaipataje? (Mzazi wa wawili)

Huhesabu vyumba, wakazidisha kwa idadi ya watoto wanaoona inafaa kwa kila chumba, kisha wakalinganisha na walioandikishwa. Ugomvi uko kwenye hiyo idadi ya kila chumba. Mji wa Chicago, Marekani, kabla ya kufunga baadhi ya shule zake mwaka 2013, ulitumia kanuni iliyochukulia watoto 30 kwa darasa. Darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, ambalo hutakiwa kuwa dogo, likaonekana halitumiki ipasavyo. Kwa hiyo ombeni kanuni yenyewe pamoja na orodha ya vyumba na matumizi ya kila kimoja. Kisha zungukeni na mwalimu mkuu mkahakiki wenyewe.

Lakini msikatae kila takwimu. Katika nchi nyingi watoto wanapungua kweli. Marekani walizaliwa watoto wapatao milioni 4.3 mwaka 2007, na mwaka 2020 walikuwa kama milioni 3.6. Upungufu wa namna hiyo hufika mlango wa darasa la kwanza baada ya miaka sita hivi. Mkisimama kusema shule imejaa ilhali kila mtu anaona madawati matupu, hata hoja yenu nzuri haitasikilizwa.

Kufunga shule kunaokoa fedha kiasi gani? (Mlipakodi)

Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Sehemu kubwa ya bajeti ya elimu ni mishahara, na walimu huwafuata watoto. Kinachobaki kuokolewa ni mshahara wa mwalimu mkuu, wa karani na wa mlinzi, pamoja na umeme, maji na ukarabati wa jengo moja. Taasisi ya Pew ilichunguza miji sita ya Marekani mwaka 2011 ikakuta kwamba, angalau kwa muda mfupi, akiba ya mwaka haikufika hata dola milioni 1 kwa shule. Akiba kubwa ilionekana pale tu shule zilipofungwa sambamba na kupunguza wafanyakazi wengi. Sasa katika akiba hiyo punguza gharama za usafiri wa watoto, kuhamisha vifaa, kupanua shule inayopokea na kulinda jengo lililobaki tupu. Punguza pia ruzuku itakayopotea ya watoto ambao wazazi wao wataamua kuwapeleka shule za binafsi.

Hata hivyo wakurugenzi wana tatizo halisi. Shule ya madarasa saba ikipoteza watoto 28, ni wanne tu kwa kila darasa. Fedha zao zimeondoka, lakini hakuna mwalimu unayeweza kumpunguza wala taa unayoweza kuizima. Mimi siwaoni watu hao kama maadui. Ninachodai ni kwamba akiba iandikwe mstari kwa mstari, na gharama ziandikwe kando yake.

Mjukuu wangu ana miaka tisa na anaipenda shule yake. Akihamishwa, masomo yake yatadorora? (Bibi mlezi)

Shikamoo bibi. Jibu linategemea anakopelekwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwafuatilia watoto ambao shule zao zilifungwa kati ya 2001 na 2006. Wengi walihamia shule dhaifu kama zile walizozitoka, na hawakupata nafuu. Wachache waliofika shule zenye nguvu kweli walisonga mbele. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba alama zilishuka hasa mwaka ule tangazo lilipotolewa, watoto wakiwa bado wamekaa kwenye madawati yao ya zamani. Wasiwasi wa watu wazima, walimu wanaotafuta kazi kwingine, minong'ono ya korido: mtoto hubeba yote hayo.

Mwaka 2013 mji huohuo ulifunga shule zipatazo 50 kwa mkupuo. Kura ilipigwa mwishoni mwa Mei na mwaka wa masomo ukaisha Juni. Ripoti ya watafiti hao ya mwaka 2018 ilieleza walimu waliokuta vifaa vyao vimepotea katika uhamisho, na watoto waliogawanyika kati ya "sisi" na "wao" chini ya paa moja. Hata alama za hesabu za watoto waliotoka shule zilizofungwa zilibaki nyuma kwa miaka kadhaa.

Kwa hiyo, bibi, omba aende akaitembelee shule mpya mapema, na uliza kama kuna mwalimu wake hata mmoja atakayehamia huko. Na wewe usimfiche. Mwambie unachokijua, pamoja na kile ambacho bado hakijaamuliwa.

Mpaka mpya unapita katikati ya mtaa wetu. Nani anaamua mstari upite wapi? (Jirani aliyegawanywa)

Mstari huchorwa na wapangaji, kisha bodi hupiga kura. Huwa wanatazama umbali, barabara kuu, nafasi na idadi ya watoto. Lakini mstari unaweza pia kuwatenga watu. Katika kesi ya Keyes, iliyoamuliwa mwaka 1973, Mahakama Kuu ya Marekani ilishughulikia Denver, mahali ambapo hapakuwa na sheria ya kuwatenganisha watoto shuleni kwa rangi. Hata hivyo bodi ilikuwa imechezea mipaka, na hata mahali pa kujenga shule, kwa namna iliyowatenga watoto weusi. Na Chicago mwaka 2013, karibu watoto tisa kati ya kumi walioguswa na ufungaji walikuwa weusi.

Basi dai ramani mbili, ya sasa na ya mpya, zikionyesha hali ya vipato na njia ambayo mtoto atapita kwa miguu. Kilomita moja yenye daraja salama si sawa na kilomita moja yenye barabara ya malori. Dai pia wanaosoma sasa wamalizie walipo na wadogo zao wawafuate. Hilo hutolewa mara nyingi likiombwa.

Mtoto wangu yuko shule itakayopokea. Nikipinga, nitaonekana mbaguzi? (Mzazi wa upande wa pili)

Ukisema "wale wasije", ndiyo. Ukiuliza vyoo vingapi, walimu wangapi wa ziada na nani ataketi na watoto wiki ya kwanza, hapana. Tena waulize hayo mkiwa pamoja na wazazi wa shule inayofungwa.

Jengo litakuwa nini? (Mstaafu)

Lidai mpango kabla ya kura. Japani imefunga zaidi ya shule 8,000 za umma tangu mwaka 2002, na serikali yake huyatangaza majengo hayo ili yapate watumiaji. Mjini Muroto shule moja imegeuzwa hifadhi ya samaki ya kutembelewa na watu. Chicago, kwa upande wake, ilibaki na majengo yaliyokaa tupu miaka mingi.

Kuna faida gani kwenda mkutanoni kama wameshaamua? (Aliyechoka)

Mara nyingine bado hawajaamua. Mjini Seattle, Marekani, mwaka 2024, mpango uliotaja hadi shule 21 ulishuka hadi nne, kisha ukaondolewa kabla ya mwaka kuisha, ingawa pengo la bajeti lilibaki palepale. Oakland, pia Marekani, baada ya uchaguzi kubadilisha bodi, ilifuta Januari 2023 ufungaji wa shule tano ulioidhinishwa mwaka uliotangulia. Chicago, watu 12 waligoma kula siku 34 mwaka 2015 wakiitetea sekondari ya Dyett, nayo ikafunguliwa tena mwaka 2016. Inaniuma kwamba wazazi walilazimika kufika hapo.

Wewe huhitaji kugoma kula. Wiki mbili kabla ya mkutano, andikeni barua moja yenye majina mengi. Ombeni kanuni ya nafasi, hesabu ya akiba na gharama, ramani zote mbili, na maandalizi ya shule inayopokea. Ombeni kura iahirishwe hadi vitu hivyo vinne vipatikane, na utekelezaji usianze kabla ya mwaka mzima wa masomo kupita. Mkutanoni, mmoja asome barua hiyo na katibu aiingize kwenye kumbukumbu. Wengine mtumie dakika zenu kuwazungumzia watoto wenu.