Dokebi ameingia, limeingia au imeingia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na wenzangu tunaandaa mchezo wa mezani, ule wa kurusha dadu huku kila mchezaji akiigiza mhusika wake na msimulizi akiongoza kisa. Ulimwengu wa mchezo tumeuchota kwenye historia na ngano za Korea: enzi ya Joseon, makasri, mbweha wa mikia tisa, na viumbe waitwao dokkaebi. Tunaandika kwa Kiswahili, na tayari tunagombana. Mmoja wetu anaandika “dokkaebi ameingia jikoni”, mwingine “limeingia”, mimi nimezoea “imeingia” kwa kuwa neno ni la kigeni. Tena yupo anayetaka tuyatupe majina hayo yote, tuseme zimwi, jini, mzimu na sultani. Nani yuko sahihi? Nimekuambatanishia kurasa chache za rasimu. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Nianze na huyo wa “imeingia”, yaani wewe mwenyewe, kwa sababu kesi yako ni nyepesi. Ugeni wa neno hauamui upatanisho wa kiumbe. Ni kweli kwamba majina ya vitu yanayotoka nje huingia kwa wingi katika ngeli ya I-ZI: kompyuta imeharibika, redio zimezimwa. Lakini daktari, dereva na profesa nao walikuja na meli, na sijasikia mtu akisema “daktari imefika”. Kiswahili kikishakubali kwamba kitu kina uhai na kinajiendea kwa hiari yake, hukipa A-WA bila kujali kimevaa kiambishi gani. Kiboko amezama. Kipofu ameketi. Nyuki wamehama. Dokkaebi anacheka, anakasirika, anakula, anapiga mieleka. Basi ameingia.

Mwenzako wa “limeingia” hajakosea sarufi. Amechagua hisia nyingine tu. Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hilo zimwi lina uhai na meno juu. Hiyo ni ngeli ya ukubwa, tunayoikimbilia tukitaka kuongeza woga au dharau: joka limejiviringisha, jitu limesimama mlangoni, jibwa linabweka usiku kucha. Mkiandika “dokkaebi limeingia”, mchezaji ataliona bonge la kiumbe lenye njaa ya nyama ya watu. Sasa waulizeni Wakorea wenyewe. Dokkaebi wa ngano zao ni msumbufu kuliko kuwa muuaji. Humsimamisha mpita njia usiku na kumtaka wapigane mieleka. Ana kofia inayomfanya asionekane na rungu linalotoa mali. Hupenda memilmuk, chakula cha kuganda kinachotengenezwa kwa unga wa nafaka. Iko ngano ambamo anakopa pesa, anazirudisha, anasahau kwamba amekwisha kulipa, na kesho yake anakuja kulipa tena, na keshokutwa vilevile. Mdaiwa wa aina hiyo siwezi kumwita “limekuja kulipa”. Wekeni LI-YA akiba kwa ajili ya viumbe mnaotaka waogopwe kweli.

Hapohapo kuna jambo ambalo rasimu yenu imelipita mbio, nami naliona kuwa ndiyo hazina yenu kubwa. Dokkaebi mara nyingi huzaliwa kutokana na kifaa kikuukuu cha nyumbani, ufagio au mchi, hasa kilichoguswa na damu ya mtu. Kisa kinachojulikana sana ni cha mtu aliyepigana mieleka na mgeni hadi alfajiri, akamshinda na kumfunga mtini. Kulipokucha akakuta amefunga ufagio. Ninyi mmeandika: “Asubuhi aligundua kwamba yule hakuwa mtu wa kawaida bali alikuwa ni ufagio wa zamani uliogeuka.” Sentensi hiyo imetoa siri yote kwa mkupuo, tena kwa maneno mengi. Ona ngeli zinavyoweza kuifanya kazi hiyo:

“Mzee akamkaba, akamwangusha, akamfunga kwenye shina la msonobari kwa mshipi wake. Kulipopambazuka akarudi kumtazama. Akaukuta palepale, umelowa umande, umekatikakatika ncha.”

Neno “ufagio” halijatajwa hata mara moja. Kilichobadilika ni -m- kuwa -u-, na msomaji wa Kiswahili hushtuka kabla hajajua ameshtushwa na nini. Msimulizi wenu anaweza kuitumia mbinu hiyo hata kwa mdomo. Avute pumzi baada ya “akaukuta” na kuwaacha wachezaji wabishane ni nini hicho kilichokutwa. Mkitaka kwenda upande wa pili, kifaa kikianza kuamka, anzeni na “mchi umeegemea ukutani”, kisha sentensi ya tatu iwe “amesogea”.

Gumiho, yule mbweha, ana faida tofauti. Yeye hujigeuza mwanamke mrembo ili awapate watu, na ngano nyingi zinasema anachotafuta ni ini. Kiambishi a- hakisemi kama ni mke au mume, wala kama ni mtu au mnyama. “Amesimama kando ya kisima, anakutazama, hajanywa maji.” Nani? Sarufi imenyamaza. Lugha kama Kiingereza zingemlazimisha msimulizi achague kiwakilishi, na kwa kuchagua angekuwa amekwisha kumfichua. Nyinyi mtajifichua kwa majina ya viungo tu, kwa hiyo chungeni hapo: mkisema “manyoya” badala ya “nywele”, mchezo umekwisha. Halafu ni mbweha mwenye mikia tisa, si “mkia tisa” kama ilivyo ukurasa wa pili. Na hilo ini msilibadilishe kuwa moyo kwa kudhani ni la ajabu kwetu. Kikorea humwita mtu shupavu kuwa mwenye ini kubwa, na sisi maneno makali hutukata maini. Mko jirani kuliko mnavyofikiri.

Kuhusu tahajia: herufi ae katika “dokkaebi” Mkorea huzitamka e moja, kwa hiyo “dokebi” haimsaliti mtu na inakaa vizuri mdomoni. Wingi wake ni madokebi, lakini upatanisho ubaki WA, kama madaktari wamefika. Gumiho halihitaji kuguswa. Silabi zake zote zimeisha kwa irabu kana kwamba limezaliwa Pangani. Majina ya watu na ya mahali, kama Hanyang (Seoul ya leo) na Gyeongbokgung (kasri la mfalme), yaacheni yalivyo.

Sasa huyo anayetaka zimwi, jini, mzimu na sultani. Simpingi kwa kuwa ametumia Kiswahili. Nampinga kwa sababu kila neno hapo lina mwenyewe. Ukisema jini, mchezaji wa Tanga hatamwona mtu wa milimani Korea. Atasikia harufu ya udi, ataiona bahari, na pengine atamkumbuka mganga wa mtaani kwao. Sultani naye ana dini yake na historia yake. Watawala wa Joseon, tangu Yi Seong-gye alipoiasisi mwaka 1392, ni wafalme. Ni mwaka 1897 tu Mfalme Gojong alipojitangaza kuwa kaisari, na kabla ya hapo “mfalme” linatosha kabisa. Makazi yake yawe kasri. Ikulu ni neno zuri, ila likitajwa leo watu huona magari ya king'ora.

Wale wanaoitwa yangban, tabaka la wasomi na maofisa wa kiraia na wa kijeshi, mmewaita “makabaila”. Kwa upande wa ardhi na watumwa mko sawa, lakini kabaila bado ananuka mikutano ya siasa za Ujamaa. Ningejaribu waungwana. Zamani pwani mwungwana alikuwa aliye huru, mwenye nasaba na adabu za watu wa mji, kinyume cha mtumwa, na neno hilohilo lilisafiri na misafara hadi Kongo, ambako Kiswahili chenyewe kiliitwa Kingwana. Kukumbushwa kwamba uungwana wa mmoja ulisimama juu ya utumwa wa mwingine kunawafaa sana, maana Joseon nako kulikuwa na watumwa. Wale wa serikali waliachiwa huru mwaka 1801, na utumwa wenyewe ukafutwa katika mageuzi ya mwaka 1894.

Wafu ndio mmewachanganya zaidi. Mzimu kwetu ni wa wazee wa ukoo, unatambikiwa, unaombwa mvua. Wakorea nao huwaandalia wazee wao chakula katika ibada ya jesa, na hao mnaweza kuwaita mizimu bila wasiwasi. Lakini gwishin ni mfu aliyeondoka na kinyongo, kama yule binti aliyekufa kabla ya kuolewa, aliyevaa nguo nyeupe, nywele nyeusi zimemfunika uso. Huyo ni mzuka. Amezuka, hakuitwa. (Najua vijana wana “mzuka” wao wa kufurahia muziki, muktadha utawatenganisha.) Mzuka umo katika U-I kwa umbo, na watu husema “umetokea” na “ametokea” pia. Msihangaike kuchagua mmoja: andikeni umetokea ukiwa bado ni weupe tu gizani, na ametokea pale anapofungua kinywa. Kwa yule wa majini anayewavuta waogaji, tunaye chunusi, na sioni sababu ya kumkopa mwingine.

Mudang ni mganga, na msithubutu kumwita mchawi kama mlivyofanya. Mara nyingi ni mwanamke, hucheza kwa ngoma na kengele, na mungu au mfu akimjia husema kwa kinywa chake. Hali hiyo tuna kitenzi chake tayari: amepandisha. Msiandike “aliingia katika hali ya kumilikiwa na roho”, nakuombeni.

Jeoseung saja, yule aliyevaa joho jeusi na kofia pana nyeusi anayekuja kuwachukua watu siku yao ikifika, mmemwita Malaika wa Mauti. Hapana. Huyu ni mtumishi wa ofisi. Anatumwa, ana jina la mtu wa kumchukua, huliita mara tatu, na katika baadhi ya ngano hukosea akamchukua wa jina lilelile kijiji cha pili. Mjumbe? Watanzania watamwona mjumbe wa nyumba kumi, jambo ambalo, nikikiri, linachekesha na halipo mbali na ukweli. Mimi ningemwita tarishi. Tarishi wa kuzimu: neno lina vumbi la mafaili na viatu vilivyochakaa, na ndivyo alivyo.

Ufunguzi wenu wa “Paukwa! Pakawa!” uondoeni, ingawa naupenda. Unampeleka msikilizaji barazani kwa bibi. Wakorea wana mlango wao, nao unafunguka vizuri kwa Kiswahili: “Zamani zile chui milia walipokuwa wakivuta tumbaku...” Atakayetaka kuwabana atasema tumbaku ilifika Korea karne ya 17, itakuwaje kwenye kisa cha Silla, ufalme wa kale uliotangulia Joseon. Mwacheni abishane na chui. Lakini awe chui milia, au simbamarara kwa wanaolipendelea, si “chui” peke yake, kwa kuwa Korea ilikuwa na chui wa madoa pia. Ndiye huyohuyo aliyeshindwa mtihani pangoni pamoja na dubu, walipoambiwa wale kitunguu saumu na majani machungu, wakae siku 100 bila kuona jua ili wawe watu. Dubu alivumilia, akawa mwanamke siku ya 21, na mwanawe Dangun ndiye asili ya ufalme wa kwanza. Kwa hayo “majani machungu” tunalo jina karibu kabisa: pakanga. Ni jamaa moja na mmea wa Wakorea, na wasomaji wa Biblia walikwisha kukutana nalo kama jina la nyota chungu katika Ufunuo.

La mwisho, “meli za kobe” za jemadari Yi Sun-sin, alizopigania vita vilivyoanza mwaka 1592. Kikorea kina neno moja la geobuk kwa wa nchi kavu na wa baharini. Sisi tunawatenga: kobe ni wa shambani, kasa ni wa baharini. Chombo kinachokwenda kwa makasia na tanga, kikiwa na paa la miiba na kichwa cha joka mbele, kiwe merikebu ya kasa. Na yule mtumishi wa Mfalme Joka wa bahari, aliyetumwa nchi kavu kumlaghai sungura ili ini lake limtibu mfalme, awe kasa vilevile. Ila kisa hicho mkitie viungo vyenu. Sungura anajiokoa kwa kudai ini ameliacha nyumbani, na kila mtoto wa pwani aliyesikia habari ya kima na papa, na mioyo ya kima inayoning'inia mitini, atakuwa amekwisha kukisia mwisho kabla dadu halijatua mezani.